Pakiti saba za maua ya kudumu na makopo ya mgahawani kwangu

Nianze na nyota, maana najua wengine mnasoma hapo tu mnaondoka. Mbegu nazipa mbili na nusu kati ya tano. Vyombo vya kuzisia, ambavyo sikuvilipia hata senti, vingine vinastahili tano kamili na vingine vinastahili kuwashia jiko.

Nina mgahawa mdogo Lushoto, hatua chache kutoka stendi. Chai, chapati, supu asubuhi, wali maharage mchana. Mgahawa wa namna hii unazaa makopo kuliko unavyozaa pesa: makopo ya Blue Band, madumu ya mafuta, trei za mayai, chupa za maji ambazo wageni wanaokuja kutembea milimani wanaziacha mezani na maji nusu. Miaka yote nilikuwa nampa kijana wa chupa, anapita Ijumaa na kiroba chake. Mbele ya mgahawa kuna ukanda wa ardhi, mita sita kwa moja na nusu, uliokuwa hauna kitu zaidi ya vumbi na vizibo vya soda. Mwaka jana nikasema safari hii napanda maua, tena ya kudumu, yale yanayokaa ardhini miaka na kuchipua yenyewe. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri kukanda unga hana nafasi ya kupanda maua upya kila baada ya miezi minne.

Miche ya kitaluni ilikuwa shilingi 2,000 mmoja. Ukanda wangu ulitaka kama themanini. Nilipompelekea mume wangu hesabu hiyo aliangalia kikombe chake cha chai, akakizungusha, hakusema kitu. Nikajua jibu.

Mbegu nilizinunua Tanga mjini, kwenye duka la pembejeo nililoingia kutafuta sumu ya panya. Jina la duka silitaji. Mwenye duka ni mtu wa watu, alinipa kiti na maji ya kunywa, na makosa mengine ni ya waliotengeneza pakiti. Lakini hili lilikuwa la kwake: pakiti zilikaa kwenye waya unaozunguka, hapo hapo mlangoni, jua linazipiga tangu asubuhi. Mbegu ni kitu hai kilicholala. Joto na unyevu ndivyo vinavyoiua kabla haijaamka, na Tanga haijapungukiwa na kimojawapo. Siku ile sikuyawaza hayo. Mimi niliona picha. Zambarau ile ya lavenda, ukiiona na umetoka kwenye jua la saa saba, mkono unaingia kwenye pochi wenyewe. Nikachukua saba: lavenda, gailadia, deizi za Shasta, ekinasia, akwilejia, delfiniamu na impatiensi. Shilingi 4,500 kila moja, jumla 31,500. Sumu ya panya nikaisahau.

Nyuma ya pakiti kumeandikwa Kiholanzi, Kijerumani na Kiingereza, herufi ndogo kama mayai ya sisimizi. Mwanangu wa mwisho, yuko kidato cha tatu, akanisomea. Karibu zote zilisema jambo moja: sia kuanzia Machi hadi Mei. Basi nikasubiri Machi, mtiifu kabisa, bila kujiuliza Machi ya nani. Machi ya walioandika ni baridi inaisha, jua linarudi, udongo unaanza kupata joto. Machi ya Lushoto ni masika inabisha hodi.

Nilisia nusu ya kila pakiti, isipokuwa impatiensi ambayo ilikuwa na mbegu 25 tu, nikazimaliza zote. Vyombo nilivifuata kama nilivyoviona kwenye simu: trei za mayai za karatasi kwa gailadia, deizi na akwilejia, maganda ya mayai kwa lavenda na ekinasia, maana picha zake zinapendeza sana, ganda limekaa kwenye kikombe chake na mche umechungulia. Delfiniamu na impatiensi zikaangukia kwenye makopo ya Blue Band kwa sababu trei zilikuwa zimeisha.

Kuhusu maganda ya mayai, acheni niseme wazi. Ganda moja linabeba udongo wa vijiko viwili vya chai. Ukimwagilia saa moja asubuhi, saa saba mchana umekauka kama ugoro. Ukimwagilia zaidi, maji hayana pa kutokea, kwa hiyo lazima ulitoboe, na ganda ukilitoboa lina tabia ya kukumbuka kwamba ni ganda. Nilivunja tisa kabla sijapata kumi na mbili mazima. Halafu yalibaki na harufu, na harufu ikamleta paka, na paka akamaliza kazi. Nyota sifuri.

Trei za mayai nilizihurumia zaidi kwa sababu mwanzoni zilifanya kazi. Gailadia ziliota 16 kati ya 20. Lakini karatasi ile inanyonya maji kutoka kwenye udongo, kisha inalainika, na siku ya tisa nilipoiinua trei ili niihamishe chini ya paa, ikabaki mikononi mwangu pembe mbili tu. Kilichokuwa katikati kikakaa sakafuni kama uji uliomwagika. Deizi ziliondoka na mvua ya kwanza kubwa iliyodondoka kutoka kwenye bati lisilo na mfereji. Gailadia zilizobaki zikapata kinyausi: unaiacha miche jioni imesimama, asubuhi imelala, shingo imekuwa nyembamba kama uzi wa kushonea. Kati ya 16 zikapona nne. Trei za mayai zina kazi moja tu nzuri, nayo ni kuwasha mkaa uliolowa. Hapo nazipa tano.

Hesabu ya masika, kwa wanaopenda hesabu: lavenda 25 zikatoka mbili, ekinasia 15 zikatoka tatu, akwilejia 30 sifuri, delfiniamu 15 sifuri. Impatiensi 25 zikatoka 19. Hizo za mwisho zikumbukeni, nitazirudia kwa hasira.

Nilienda kwa mzee mmoja mwenye kitalu njia ya kwenda Magamba. Nilimkuta amekaa kwenye gogo anajaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya kukuzia miche.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Umekuja kununua au kuuliza?”

“Kuuliza.”

“Basi shika kiriba, ujaze huku unauliza.”

Nilijaza viriba kama sitini siku ile, na kila kimoja kilikuwa na somo lake. Nikamwonyesha pakiti. Aliangalia picha, hakuangalia maandishi, akasema: “Hii, na hii, na hii, zinangoja baridi. Wewe umezipa mvua.” Akanieleza kwa namna ambayo sijaisahau. Kwao, ua linaangusha mbegu mwisho wa kiangazi. Mbegu ikiota hapo hapo, mche mchanga unakutana na theluji na unakufa. Kwa hiyo mbegu imejifunza kulala mpaka ihesabu wiki kadhaa za baridi yenye unyevu, ndipo iamini kwamba msimu umepita. Ekinasia inatoka kwenye nyika za Marekani, lavenda kwenye milima ya kusini mwa Ulaya, na zote zina kufuli hilo, kubwa au dogo. Nikamwambia mbona na Lushoto kuna baridi, Julai tunalala na blanketi mbili. Akacheka. “Baridi yetu ni ya usiku. Mchana mbegu inatuona waongo.”

Dawa yake ni friji. Si sehemu ya barafu, sehemu ya kawaida panapokaa maziwa.

Friji yangu ni ya soda, yenye mlango wa kioo. Tarehe 10 Juni nikachanganya mbegu zilizobaki za lavenda, ekinasia, akwilejia na delfiniamu na mchanga wa mto uliooshwa, wenye unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, kila moja kwenye kikopo chake cha hamira, nikaviweka rafu ya chini kabisa. Wiki nne. Wateja walivisumbua vikopo vile kuliko nilivyotarajia. Dereva mmoja wa daladala alivishika mara mbili, mara ya tatu akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni dawa ya kienyeji na kama inasaidia mgongo. Umeme ulikatika mara tatu, mara moja usiku kucha, nikadhani kazi imeharibika. Haikuharibika. Tarehe 8 Julai nikavitoa, na kwenye kikopo cha ekinasia mbegu mbili zilikuwa tayari zimetoa mzizi mweupe mle mle gizani. Nilifurahi mpaka nikaunguza chapati.

Sasa vyombo vya awamu ya pili, ndivyo ninavyovisifu.

Chupa ya maji ya lita moja na nusu ndiyo mshindi, na sitaki ubishi. Unaikata kiunoni, sentimita kumi hivi kutoka chini, lakini huizungushi yote; unaacha kipande cha vidole viwili kiwe bawaba. Chini unatoboa matundu sita kwa msumari uliochomwa kwenye mkaa. Unajaza udongo, unasia, unamwagilia, unafunika kichwa chake, unakifunga kwa ukanda wa gundi. Kizibo unakitoa na hukirudishi. Ndani kunakuwa na mvua yake mwenyewe: maji yanapanda ukutani, yanadondoka, yanapanda tena. Mimi nilimwagilia mara moja kwa siku nne au tano, na kwa mtu mwenye mgahawa hiyo ni neema. Lakini sikilizeni vizuri: chupa hiyo hiyo ukiiweka juani inakuwa sufuria. Moja niliisahau ukutani siku nzima, jioni nilikuta miche ya lavenda imeiva. Iweke chini ya upenu, upande wa mashariki, ipate jua la asubuhi tu. Miche ikigusa kichwa cha chupa, fungua bawaba mchana, funga usiku, wiki nzima, ndipo ukitoe kabisa. Mche uliolelewa ndani ya chupa ukiutoa ghafla unashangaa.

Kopo la Blue Band la nusu kilo ni la pili. Kimo chake kinatosha mbegu ndogo, ni pana, linasimama, halilewi. Ila lina mafuta, na mafuta hayatoki kwa maji ya baridi. Nilioshea majivu na maji ya moto, nikasugua, nikaosha tena. Kopo la kwanza ambalo sikulisugua vizuri lilijaa sisimizi, wakabeba mbegu za deizi moja moja, kwa mstari, kwa adabu, mbele ya macho yangu. Na kifuniko kisitupwe. Ndicho sahani ya kukalia kopo. Unamimina maji kwenye kifuniko, udongo unayanywa kutoka chini, na mbegu za juu hazisogei. Mbegu ndogo namna hii ukizimwagilia kutoka juu kwa kikombe unakuwa umezipeleka zote kona moja.

Miche ikishatoa majani mawili ya kweli, yale yanayofanana na mmea wenyewe, inataka chumba chake. Hapo wengi watakwambia viriba vya kununua. Zamani watu walijazia kwenye mifuko ya rambo, lakini tangu Juni 2019 ilipopigwa marufuku hiyo haipo tena, na mimi sikuona sababu ya kununua plastiki nyingine wakati nyumba imejaa. Nilijaribu vitatu. Gazeti lililoviringishwa kwenye chupa ya soda na kukunjwa kitako: zuri kwa wiki tatu au nne, linapandwa pamoja na mche bila kugusa mzizi, ila lisimame limebanana na wenzake kwenye boksi, likikaa peke yake linaanguka. Kidumu cha mafuta cha lita tano, kimelazwa ubavu na kukatwa dirisha juu: hiki ni kitanda cha miche kumi na miwili na kina mpini wa kubebea, kama kimetengenezwa kwa kazi hiyo. Madumu ya njano jua linayafanya yawe kama biskuti baada ya muda, yanavunjika yakishikwa, kwa hiyo yakae kivulini. Cha tatu ni ganda la mgomba. Mama mkwe wangu ndiye aliyenicheka kwa mambo ya magazeti, akachuna maganda makavu kwenye mgomba wa nyuma, akayakata, akayaviringisha, akayafunga kwa kamba ya mgomba huo huo, dakika mbili kikombe kimekamilika. “Hivi ndivyo tulivyokuwa tunafanya kabla hamjaanza kununua maji kwenye chupa,” akasema. Miche iliyokaa humo ndiyo iliyopandwa bila kunyauka hata siku moja. Ganda linaoza lenyewe ardhini.

Makopo ya bati, yale ya nyanya na maziwa ya unga, mimi siyapendi. Yanapata moto na yanatoa kutu, na ukingo wake ulinikata kidole. Makopo ya rangi nimeyakataa. Na chupa zilizokuwa na dawa ya kuulia wadudu shambani, jamani, hata zioshwe mara mia, zisiguswe. Nimeona mtu amepanda mchicha ndani ya moja.

Udongo sikununua. Sehemu tatu udongo wa juu wa nyuma ya nyumba, mbili mchanga wa mto, moja samadi ya mbuzi iliyooza mpaka haina harufu, vyote vimepitishwa kwenye chekecheke. Somo la kinyausi lilinifundisha kuumwagia maji yanayochemka kabla ya kusia. Kwangu hilo ni rahisi, sufuria la chai la jioni huwa lina maji yamebaki. Niliuacha upoe usiku kucha. Awamu hii kinyausi kilichukua miche mitatu tu, yote kwenye kopo moja nililolizidishia maji.

Turudi kwenye mbegu, moja moja.

Gailadia, nyota nne. Nilisia 20 zilizobaki, nikazibonyeza tu juu ya udongo bila kuzifunika kwa sababu zinapenda mwanga, zikatoka 17 ndani ya siku tisa. Ua la kwanza niliona Desemba, jekundu lenye ncha za njano, kama kitenge. Halina shida na jua wala na vumbi la stendi. Ukitaka kuanza na ua moja la kudumu, anza na hili.

Deizi za Shasta, nyota tatu. Nilisia 40 zikatoka 31. Hadithi yake mwanangu aliisoma akanisimulia: alilitengeneza Luther Burbank huko California, mchanganyaji wa mimea, akalitoa mwaka 1901 na kuliita kwa jina la mlima Shasta wenye theluji. Kwangu mpaka sasa ni majani tu, mafungu mazuri ya kijani kibichi, maua hakuna. Mzee wa kitalu anasema litatoa mwaka wake wa pili. Nyota ya nne naiweka mfukoni mpaka hapo.

Ekinasia na lavenda nazipa nyota tatu kwa pamoja, kwa sababu kosa lilikuwa la maelezo, si la mbegu. Baada ya friji ekinasia zikatoka kumi kati ya 15, lavenda 11 kati ya 22. Lavenda ni ya kuisubiri. Ya kwanza ilitoka siku ya kumi na nane, nikiwa nimeshaanza kuitukana. Sasa ina kimo cha kidole, na ukiigusa mkono unanuka vizuri mpaka ushike kitunguu. Lavenda haitaki samadi nyingi wala maji ya kutuama, nimeiweka mwisho wa ukanda palipo na kokoto.

Akwilejia, 14 kati ya 30, na ilichukua wiki tano. Nyota mbili. Labda nitaipenda ikitoa maua.

Sasa impatiensi. Zile 19 za masika, kwenye kopo la Blue Band, zilikua vizuri kuliko kitu chochote. Nikajisifu. Kila mteja aliyeingia nilimwonyesha. Mwezi wa pili tangu nizisie, zikiwa na majani sita, nilikuwa natoa maji machafu nyuma ya jiko, nikainama, nikaona kwenye mfereji mmea uleule. Jani lilelile lenye meno madogo pembeni. Shina lilelile lenye maji, la wekundu kidogo. Nikaenda kuleta kopo, nikaliweka kando ya mfereji, nikaita dada wa jikoni aje aangalie. Akaangalia huku, akaangalia huku, akasema, “Mama, si magugu haya?”

Ni yenyewe. Jina la Kilatini kwenye pakiti ni Impatiens walleriana, na kwao ni huku huku, Afrika Mashariki, kuanzia Kenya kushuka mpaka Msumbiji. Tulipokuwa watoto tulikuwa tunavibonyeza vile vibofu vyake vya mbegu vipasuke, mbegu ziruke usoni mwa mwenzako. Wazungu walilichukua, wakalizalisha likawa fupi na lenye maua makubwa ya rangi nyingi, wakalitia kwenye pakiti, likavuka bahari, likaja kuchomwa jua mlangoni Tanga, nami nikalilipia 4,500. Mzee wa kitalu nilipomwambia alicheka mpaka akashika gogo. Akaniambia hata lile ua la zambarau la vyungu ambalo bibi wa Ulaya wanaliweka dirishani lilitoka kwetu: mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Tanga, alilipeleka kwao, na mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, akaliandika kwa jina la Saintpaulia. “Ila hilo,” mzee akasema, “hawajaja kukuuzia bado.”

Kwa uaminifu wa mkaguzi, za pakiti zina rangi tano na ni fupi, na za mfereji ni pinki tu na zinarefuka. Nimezipanda pamoja kwenye kivuli cha ukuta. Wageni wa kizungu wakipita wanapiga picha zile za mfereji.

Delfiniamu haikutoka hata moja, masika wala Julai, na friji imepita. Ndipo nikaichukua pakiti tupu niitazame vizuri. Kwenye kona ya chini kulikuwa na kikaratasi cha bei, 4,500, kimebandikwa sawasawa juu ya kitu. Nikakishikia juu ya mvuke wa birika kikabanduka. Chini yake palikuwa na tarehe ya mwisho ya kusia, na ilikuwa imepita kwa mwaka mmoja na miezi miwili siku niliyonunua. Nikazibandua zote saba. Sita zilikuwa bado zina muda, kwa hiyo sisemi ilikuwa makusudi. Nasema ukienda kununua, kwaruza kikaratasi cha bei kwa ukucha kabla hujatoa pochi. Delfiniamu ni mbegu isiyovumilia uzee, inataka iwe ya karibuni na ikae baridi, na hii ilikuwa kuukuu na imekaa mlangoni. Nilipiga simu dukani. Mwenye duka akaniomba radhi, akaniahidi pakiti nyingine nikishuka. Sijashuka.

Kwa jumla Julai iliota miche 83. Baada ya kinyausi, makoa, chupa iliyoiva na kuku wa jirani mwenye mguu mmoja ambaye anachakura kuliko wenye miwili, ilipandwa 71 ardhini wakati wa vuli, Oktoba na Novemba. Makoa niliyawinda usiku kwa tochi. Yanapenda miche ya deizi kuliko kitu kingine chochote. Kwa bei ya kitaluni miche hiyo ni shilingi 142,000. Mimi nilitumia 31,500 na gundi. Hesabu hiyo niliipeleka kwa mume wangu, na safari hii aliuliza kama chai imebaki.

Mwaka huu nitarudia kwa chupa na maganda ya mgomba tu, na mbegu za gailadia nimevuna mwenyewe, zimejaa bahasha mbili, mwenye kupita Lushoto aje achukue. Agapantasi nimeokota mbegu zake nyeusi kwenye ua wa kanisa kwa ruhusa. Mzee kaniambia hilo lina miaka mitatu kabla ya ua, na nimeziandikia tarehe kwenye kopo ili nisije nikalitupa. Kopo la delfiniamu nimeliosha kwa majivu, nimelirudisha kaunta. Linakaa chenji.